Masekela hakuwa mtu wa kibao kimoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua hampendi barua ndefu ila hii mtanivumilia, au mtaikata wenyewe, mkasi mnao. Ni kuhusu ile kumbukumbu ya Hugh Masekela mliyoitoa kwenye kurasa za burudani, robo ukurasa, picha kubwa kuliko maneno, mkamuita mwimbaji wa ukombozi wa Afrika Kusini aliyetamba na kibao kimoja miaka ya sitini. Mimi nimeisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikanuna. Mwimbaji sawa, aliimba, na sauti yake ya mkwaruzo ilikuwa na watu wake, lakini kazi yake ilikuwa kupuliza tarumbeta na kutunga, na aliifanya kwa zaidi ya miaka 60 bila kukaa kwenye staili moja. Kwenye habari yenu yote neno tarumbeta limetokea mara moja tu, tena chini ya picha. Ukimuita mtu kama huyo mwimbaji wa kibao kimoja umemaliza kazi yako mapema mno.

Na tuanze na hichohicho kibao maana ndo kila mtu anachokijua. Grazing in the Grass ya mwaka 1968 hakuitunga Masekela, aliitunga Philemon Hou, Msauzi mwenzake aliyekuwa Marekani wakati huo, na iliingizwa kwenye albamu dakika za mwisho kwa sababu albamu ilikuwa fupi, ilipungua kama dakika tatu hivi, wakahitaji kitu cha kujazia. Basi hicho cha kujazia ndo kikapanda mpaka namba moja kwenye chati ya Billboard Julai 1968, kikakaa wiki mbili, na aliyeng'olewa pale juu alikuwa Herb Alpert, mpuliza tarumbeta mwenzake, ambaye siku hizo alikuwa juu kwa wimbo wa kuimba. Sikilizeni vizuri lakini. Kengele ya ng'ombe inagonga, piano inazunguka palepale, halafu tarumbeta inaingia na noti chache kabisa, anapuliza kidogo anaacha, anapuliza kidogo anaacha, kama mtu anayeongea na jirani kupitia dirishani. Mtu mwingine pale angejaza noti 100 kuonyesha kuwa amesoma. Yeye alikuwa amesoma na hakutaka ujue. Miaka 10 baadaye, 1978, huyohuyo Alpert aliyempindua wakakaa studio moja wakatoa albamu ya pamoja, wakapiga upya Skokiaan, ule wimbo wa August Musarurwa wa Zimbabwe, ukapendwa. Sasa kwa hesabu zenu hicho ni kibao cha ngapi?

Alizaliwa 4 Aprili 1939 Witbank, mji wa makaa ya mawe mashariki mwa Johannesburg, siku hizi unaitwa eMalahleni. Baba yake alikuwa bwana afya na mchonga sanamu, mama yake afisa ustawi wa jamii, lakini mtoto alilelewa sana na bibi yake ambaye alikuwa anauza pombe nyumbani kinyume cha sheria za makaburu. Wateja wa bibi ndo wachimba migodi wenyewe, wanatoka chini ya ardhi wanakuja kunywa na kupiga stori, yule mtoto yupo pembeni anasikiliza. Hilo liwekeni akilini, nitalirudia. Mziki aliujulia kwenye santuri na piano, tarumbeta ilikuja akiwa kijana wa miaka kama 14 alipoona filamu ya Kirk Douglas akiigiza mpuliza tarumbeta, na cha kuchekesha ni kwamba Kirk Douglas hakupuliza hata noti moja mle ndani, anayesikika ni Harry James. Yaani kijana alivutwa na mtu asiyeonekana.

Sasa hapa ndo nilitegemea gazeti la Kiswahili lingeamka, na halikuamka. Shuleni kwake St. Peter's pale Rosettenville alikuwa mtukutu, kila siku kesi, na padri aliyekuwa analea wale wanafunzi akamuuliza kitu gani kitamtuliza, kijana akajibu nipe tarumbeta sitasumbua mtu tena. Padri akamnunulia. Padri huyo ni Trevor Huddleston. Wazee wa kusini mmeshajua naongea nini! Huddleston ndiye huyohuyo aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi wa Kanisa Anglikana kuanzia 1960 hadi 1968, aliyeingia Tanganyika ikiwa bado ya mkoloni akaondoka ikiwa Tanzania. Mtu aliyemwekea Masekela tarumbeta ya kwanza mkononi ametembea Masasi na Newala miaka minane, na nyinyi mnaandika kumbukumbu kama mmetafsiri habari ya Ulaya. Mngeanzia hapo habari ingesomeka mpaka vijiweni.

Basi tarumbeta ikaja, akatafutwa mwalimu, Uncle Sauda wa brasi bendi ya manispaa ya Johannesburg, kijana akashika haraka, wenzake wakaona wivu wakaanza kudai na wao vyombo, Huddleston akahangaika huku na huku mpaka ikawa bendi nzima, Huddleston Jazz Band, na kwenye tromboni alikuwa Jonas Gwangwa ambaye naye nitamrudia. Makaburu wakati huo walikuwa wanabomoa Sophiatown, mtaa wa weusi pale Johannesburg, walianza Februari 1955, watu wanapakiwa kwenye malori wanapelekwa Meadowlands, na Huddleston kwa kelele zake akarudishwa Uingereza na shirika lake. Akiwa safarini Marekani akakutana na Louis Armstrong, mpuliza tarumbeta mkubwa wa jazi, akamweleza habari za wale vijana, na Armstrong akatuma tarumbeta yake mwenyewe mpaka Johannesburg, mwaka 1956. Ipo picha ya siku hizo aliyopiga Alf Kumalo, kijana ameruka juu miguu yote haigusi chini, tarumbeta kainyanyua, mdomo wazi. Ile ndo picha ya kuweka kubwa kuliko maneno, sio ile mliyoweka ya mzee amesimama amenuna, maana mzee mwenyewe hata hakuwa mnunaji.

Kufika 1959 alikuwa kwenye okestra ya King Kong, ule mchezo wa jukwaani wa nyimbo za Todd Matshikiza kuhusu bondia, Miriam Makeba akiwa nyota wake, na mwishoni mwa mwaka huohuo wakaunda Jazz Epistles. Msikieni nani walikuwemo: Dollar Brand kwenye piano, ndiye Abdullah Ibrahim wa leo, Kippie Moeketsi kwenye saksafoni, Gwangwa tromboni, Johnny Gertze besi, Makaya Ntshoko dramu, na Masekela na miaka yake 20. Ile ilikuwa bendi ya kwanza ya weusi wa Afrika Kusini kurekodi albamu ya jazi, na ukiisikiliza leo unasikia vijana wanaokimbizana na kina Dizzy Gillespie kwa spidi ileile, bibapu tupu, ile jazi ya kasi ya Wamarekani, hakuna cha kusikitika wala cha kuomba huruma. Kisha 21 Machi 1960 polisi wakaua watu 69 Sharpeville, mikusanyiko ikapigwa marufuku, bendi ya watu weusi inayosafiri ikawa tayari ni kosa, kila mmoja akatafuta mlango wa kutokea. Masekela akasaidiwa na Huddleston na wanamuziki kama Yehudi Menuhin na John Dankworth, akaingia chuo cha mziki cha Guildhall pale London, halafu New York, Manhattan School of Music, huko Makeba na Harry Belafonte wakamshika mkono. Alikuja kurudi kwao baada ya miaka 30.

New York ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye maisha yake kwa sababu ndo sehemu aliyoshindwa vizuri. Fikiria umetoka Johannesburg unajua nyimbo zote za Clifford Brown, mpuliza tarumbeta wa Marekani, kwa kichwa, unafika unakuta Miles Davis yupo mtaa wa pili, Dizzy yupo, Lee Morgan yupo, Freddie Hubbard yupo, wengine ni wakubwa zako kwa mbali, wengine rika lako, na wote wanafanya kile unachofanya wewe ila wao ni chao. Ukiendelea hivyo utakuwa namba 50 kwenye foleni. Wakubwa wakamwambia hivyohivyo, weka vitu vya kwenu humo ndani. Akaweka. Mwaka 1965 akarekodi laivu pale Village Gate, klabu ya New York, piano yuko Larry Willis aliyekuwa mwanafunzi mwenzake, na mle ndani nyimbo za kwao zinakaa sahani moja na wimbo wa Herbie Hancock na hausikii kuwa umebadilishiwa meza.

Wapulizaji watanisahihisha lakini mimi nasikia hivi. Tarumbeta ina vali tatu tu, noti nyingine zote zinatoka kwenye midomo na pumzi, kwa hiyo sauti ya mpulizaji ni kama sauti yake ya kuongea, huwezi kuazima ya mtu. Masekela alikuwa anaipiga noti moja mara nne tano mfululizo kwa msisitizo, kama anagonga mlango, halafu anaishusha kwa kuiburuza, vali anaibonyeza nusu, noti inatoka imebanwa kama mtu anayeongea na kucheka kwa wakati mmoja. Baadaye akahamia zaidi kwenye flugelihoni, ile ndugu yake tarumbeta yenye bomba linalopanuka taratibu na mdomo mpana, sauti yake nzito na laini haikuchomi sikio. Kwa flugelihoni ndo akawa yule tunayemtambua kwa noti mbili hata redio ikiwa chumba cha jirani. Na huwezi kuijua hiyo kama unamuweka kwenye kabati la waimbaji.

Miaka hiyohiyo ya sitini kuna watu wa jazi walimuona kama kahama chama, eti anapiga pop. Ni kweli alipiga, 1967 tarumbeta yake iko kwenye wimbo wa kundi la roki la Byrds, na Juni mwaka huo akapanda stejini Monterey kwenye tamasha moja na Jimi Hendrix, Otis Redding na Ravi Shankar. Mimi siwaelewi hao walalamikaji. Mtu aliyekulia kwenye nyumba inayouza pombe, ambako wateja wanatoka nchi kumi na kila mmoja anataka wimbo wa kwao, atashindwaje kukaa na watu wa roki? Kuna rekodi zake za miaka ile na nyingine za mwisho wa sabini ambazo ni nyepesi kweli, vinanda vingi, nyimbo za watu zilizopakwa sukari, sizitetei na sizisikilizi. Ila ndo bei ya mtu asiyeogopa kujaribu, zikitoka tano mbili zitakuwa chapwa.

Maana angalia alichofanya baada ya kuwa namba moja Marekani. Mtu mwingine angetengeneza Grazing ya pili, ya tatu, ya nne mpaka watu wachoke. Yeye 1972 yuko London anarekodi na Dudu Pukwana na Makaya Ntshoko, Wasauzi wenzake wakimbizi, pamoja na Larry Willis na Eddie Gomez kwenye besi, jazi nzito kabisa ya watu wazima, nyimbo kadhaa za Caiphus Semenya, na kama mhariri una muda wa albamu moja tu chukua hiyo, inaitwa Home Is Where the Music Is. Mwaka mmoja baadaye yuko Lagos kwa Fela Kuti, Fela anamkutanisha na bendi ya Ghana, Hedzoleh Soundz, anaacha suti anakaa katikati ya ngoma na filimbi kama mwanabendi mmoja wapo. Mwaka unaofuata yuko Kinshasa yeye na rafiki yake Stewart Levine wanaandaa lile tamasha kubwa la Septemba 1974 lililotangulia pambano la Ali na Foreman, Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa mpaka 30 Oktoba lakini tamasha likaendelea, James Brown, B.B. King, Celia Cruz, Makeba, Franco na OK Jazz, Tabu Ley, wote jukwaa moja. Watu wetu wanaojua Franco na Tabu Ley kwa kichwa hawajui kuwa aliyehangaika kuwakutanisha na James Brown ni huyu mnayemuita wa kibao kimoja.

Na mwaka huohuo 1974 ndo akatoa Stimela. Hapa naomba msinikate.

Wale wachimba migodi wa kwa bibi yake ndo wamo humu. Ni wimbo wa treni inayobeba vibarua kuwapeleka kwenye migodi ya Johannesburg, na hauanzi kama wimbo. Ukimwangalia stejini miaka yake ya mwisho anasimama mkononi ana kengele ya ng'ombe na kijiti, anagonga taratibu, anaongea. Anataja inakotoka treni, Namibia, Malawi, Zambia, Zimbabwe, Angola, Msumbiji, nchi moja baada ya nyingine, anaeleza wanavyolala, wanavyokula, wanavyowaza wake na watoto walioachwa. Bendi nyuma yake haijaongeza kitu, besi inatembea tu. Halafu mzee anaanza kutoa treni mdomoni, kwanza mvuke, tsss tsss, mabega yanakwenda, halafu filimbi ya treni, anaipiga kwa koo lake kelele ndefu kali mpaka unaona mishipa ya shingo, na ukumbi mzima ambao dakika moja nyuma ulikuwa unapiga makofi unakuwa kimya. Flugelihoni inakuja mwisho kabisa. Yaani anakucheleweshea tarumbeta dakika nzima na zaidi, na ikija haina mbwembwe, inaimba palepale treni ilipoishia. Huyo ndo mtunzi, anajua lini asipulize.

Na hiyo treni msifikiri ilikuwa ya watu wengine. WENELA, lile shirika la kuajiri vibarua wa migodi, ilikuwa inaandikisha vijana mpaka kusini mwa Tanganyika, kina Tukuyu huko, wanakwenda Johanesibagi kwenye dhahabu, mpaka ulipokuja uhuru serikali ikakataa biashara hiyo. Kuna familia bado zina sanduku la bati la babu aliyetoka nalo huko. Mwandishi wenu angeuliza mzee mmoja tu wa Rungwe angepata aya mbili za bure.

Mnapenda neno ukombozi, haya, hata huko mngeeleza alichofanya. Baada ya watoto wa Soweto kuuawa Juni 1976 alitunga Soweto Blues, akampa Makeba aimbe, waliwahi kuoana 1964 wakaachana baada ya miaka miwili lakini kazi haikuachana. Miaka ya themanini akasogea karibu na kwao, akahamia Botswana, akaletewa studio ya kuhamishika pale Gaborone, akarekodi Techno-Bush mwaka 1984, mambo ya mashine za dramu na disko kabisa, na watu wa madisko Ulaya na Marekani wakaicheza bila kujua huyu ni yule wa bibapu ya 1959. Akaanzisha na shule ya mziki hapo. Mwaka 1985 siku yake ya kuzaliwa ikamfikia barua kutoka gerezani kwa Mandela, imetoroshwa, mfungwa wa maisha anamtakia heri mtu aliye huru, akalia, akakaa kwenye piano, ikatoka Bring Him Back Home. Tarehe 14 Juni mwaka huohuo makomandoo wa makaburu wakavuka mpaka usiku wakaua watu 12 Gaborone, miongoni mwao marafiki zake, ikabidi ahame tena, London.

Sasa wimbo huo wa Mandela usikilizeni kama mziki basi, sio kama hotuba. Una kila sababu ya kuwa wa majonzi na sio wa majonzi hata kidogo, ni wa kucheza, tarumbeta zinaita kama harusi, na mtu anayeombewa atoke anaonekana tayari ametoka anatembea mitaa ya Soweto. Alipotoka kweli 11 Februari 1990 wimbo ulikuwa umeshamsubiri miaka kadhaa. Katikati hapo akaandika na Mbongeni Ngema mziki wa Sarafina!, mchezo wa wanafunzi wa Soweto ulioanzia Johannesburg 1987 ukafika Broadway 1988, na wakatajwa kuwania tuzo ya Tony, ile ya michezo ya jukwaani ya Broadway, kwa nyimbo zake. Huyo ni mtu wa jazi anayetunga kwa ajili ya watoto wa shule kuimba na kuruka, kazi ngumu kuliko solo, muulizeni mwalimu yeyote wa kwaya.

Lawama alikuwa nazo. Mwaka 1987 alipozunguka na Paul Simon, mwimbaji wa Marekani, kwenye ile ziara ya albamu yake ya Graceland, yeye na Makeba na Ray Phiri na Ladysmith Black Mambazo, wengi walikasirika kwa sababu Simon alikwenda kurekodi Johannesburg wakati wa vikwazo vya utamaduni, London watu wakaandamana nje ya ukumbi. Masekela akamtetea. Mimi upande wa waandamanaji nauelewa, vikwazo ni vikwazo, lakini lile onyesho la Harare, Wasauzi waliokimbia kwao wanapiga mlango wa pili na nyumbani, siwezi kusema lisingefanyika.

Na lawama kubwa zaidi alijipa mwenyewe. Pombe na madawa vilimla miaka mingi sana, alikiri hadharani, akaandika kwenye kitabu cha maisha yake bila kujipamba, 1997 akaenda Uingereza kutibiwa, akatoka msafi, akawa anahangaika kusaidia wasanii wengine waliokwama palepale. Kwa masikio yangu upulizaji wake baada ya hapo ni bora kuliko wa miaka ya themanini, pumzi imerudi, noti ndefu hazitetemeki, na akarudia hata nyimbo za zamani za jazi na Larry Willis watu wawili tu, piano na flugelihoni, mle ndani unamsikia yule kijana wa Johannesburg aliyekuwa na Clifford Brown kichwani amezeeka vizuri. Mwaka 2010 aliingia studio London na Tony Allen, mpiga dramu wa Fela, kazi ikalala miaka, ikaja kutoka Machi 2020, Masekela ameshafariki, na Tony Allen naye akafariki mwezi uliofuata.

Alikufa 23 Januari 2018 Johannesburg kwa saratani ya tezi dume, ana miaka 78. Miezi michache kabla alitoa tangazo la kuahirisha maonyesho na humohumo akawaambia wanaume waende kupima mapema. Hilo nalo mmeliruka, na ukurasa wenu wa afya uko nyuma ya ukurasa wa burudani, ni karatasi ileile.

Ninachoomba Mhariri ni mambo mawili matatu ya kawaida. Kwanza ile picha yenu maelezo yake yanasema ameshika tarumbeta, ile ni flugelihoni, mtu yeyote aliyewahi kukaa bendi ataona, rekebisheni tu. Pili mtumeni mwandishi Masasi akaulize habari za Askofu Huddleston na wale vijana wake wa Johannesburg wakati wazee waliomjua bado wapo, hiyo ni nauli ya basi. Na tatu ni huyu Jonas Gwangwa niliyesema nitamrudia, yule wa tromboni, aliyekaa naye bendi ya shule, Jazz Epistles na New York, baadaye akaongoza kundi la Amandla la ANC wakizunguka dunia nzima. Gwangwa alifariki 23 Januari 2021, tarehe ileile ya rafiki yake. Kwenye gazeti lenu sijaona hata mstari. Mkifika Januari tena waandikeni wote wawili, na mkipungukiwa nafasi toeni lile tangazo la nusu ukurasa la kubeti.

Wasalaam,
Msomaji wenu, mpenzi wa tarumbeta